Maji Yanafika Saa Ngapi

Jumatano, 13 Septemba 2000

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo hapa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, na bati letu limetuonyesha matundu yake yote. Mama mkwe wangu, Maman Christine, amezunguka na masufuria akiyaweka chini ya kila tundu, kisha akauliza sasa tutapikia nini. Tulicheka. Tangu mume wangu Cirhuza aende tumebaki watatu, yeye na mimi na Laurette wangu wa miaka sita, na tunacheka kuliko tunavyogombana. Sikulitarajia hilo.

Naanza kuandika hapa kwa sababu mahali pengine pa kusemea sina. Mume wangu yuko Luvungi, chini kwenye tambarare ya Ruzizi. Alienda mwezi wa sita kugawa mbegu za ofisi ya maendeleo ya kanisa, "juma mbili tu, Mama Laurette", na barabara ikafungwa nyuma yake kwa risasi. Namsikia Jumatano na Jumamosi kwenye phonie ya parokia, ile redio ambayo ukimaliza neno lako unasema "À vous", sasa zamu yenu, na ukibonyeza kusema, Kivu nzima inasikiliza: mapadri, masista, watu wa mbegu, watu wa dawa, na askari pia, bila shaka. Unamwambiaje mumeo mbele ya watu wote hao kwamba kitanda kimekuwa kipana? Leo nimemwambia bati linavuja. Akajibu, "Bien reçu", yaani ujumbe umepokelewa.

Bien reçu! Miaka tisa ya ndoa.

Jumamosi, 16 Septemba

Leo sauti yake ilikuwa nyingine. Camille, fundi wa phonie, aliisikia kabla yangu, akaacha kutafuna karanga.

"Mama Laurette, bamama babili bamekufa jana kwa Kashera. Nilikuwa naona. Hakuna kitu nilifanya. À vous."

Kashera ni mto mdogo unaoshuka kutoka milimani na kukata barabara kati ya Luvungi na Kamanyola. Daraja lake lilivunjwa vitani. Sasa watu wanavuka kwa miguu, maji magotini, asubuhi kwenda mashambani na sokoni, jioni kurudi. Ubaya wake ni kwamba mvua hainyeshi pale. Inanyesha juu, kwa Soeur Agnès, sista wa misheni ya milimani. Chini hakuna hata wingu. Mama anakunja kitenge chake, anaingia na mzigo kichwani, na maji ya mlimani yanamkuta katikati.

Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza tena.

"Pole, Cirhuza. À vous."

"Ile kazi yako ya kutafuta formule mu machine," akasema. "Soeur iko na kipimo ya mvua kule juu. Miye niko hapa kwa mutoni. Tukikupatia bachiffre, unaweza kutuambia maji itafika saa ngapi? À vous."

Kabla sijajibu, Soeur Agnès akaingia kutoka milimani. "Niko nasikia. Nitapima kila siku. Mungu abapokee bale bamama. À vous."

Nilisema nitajaribu. Nilipanda mlima wa Kadutu kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo, nikiwafikiria wanawake wale wawili ambao sikuuliza hata majina yao. Na nakiri hapa, kwa aibu kidogo, kwamba nilifikiria pia jambo jingine: ni mara ya kwanza Cirhuza ameiomba kazi yangu. Siku zote ilikuwa "ile machine yako".

Jumapili, 24 Septemba

Niandike ni kazi gani, Laurette akisoma siku moja asidhani mama yake alikuwa mchawi.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa hesabu. Kwenye institut, chuo chetu, nimepewa kompyuta kuukuu na kiti kisicho na mgongo. Formula siitafuti kwa kufikiri. Naziacha formula zitafutane zenyewe. Machine inatunga elfu moja za ovyo, kila moja ikidai inajua saa ya maji kutokana na mvua: ilianza saa ngapi, ilikuwa nyingi kiasi gani, udongo ulikuwa umelowa tangu jana au la. Karibu zote ni za kijinga. Nalinganisha majibu yao na yale yaliyotokea kweli mtoni. Zilizokosea sana zinakufa. Zilizokosea kidogo zinaoana: tawi la hii linakatwa na kupandikizwa kwa ile, mtoto anazaliwa, na mara mojamoja namharibu kidogo kwa makusudi ili asifanane mno na wazazi. Kizazi baada ya kizazi, ujinga unapungua.

Maman Christine aliposikia maelezo haya aliuliza kama padri anajua habari za ndoa hizo.

Jumanne, 26 Septemba

Umeme umekatika katikati ya kazi. Elfu moja wote wamekufa. Nimerudi nyumbani kula sambaza, dagaa wetu wa ziwani.

Jumatano, 4 Oktoba

Vipimo vinakuja vizuri. Namba tunazisema kwa Kifaransa, upesi, ili tusimalize batri ya Luvungi: mvua quinze heures, trente-deux millimètres, maji vingt heures, yaani kumi na tano, thelathini na mbili, ishirini. Mimi naandika, Camille anatafuna.

Nimejifunza kumsoma mume wangu ndani ya namba. Akiwa na homa, "vingt" inakuwa fupi. Akiwa mzima anaivuta. Leo alisema "trente-deux millimètres" kwa sauti ambayo zamani aliitumia kwa maneno mengine kabisa, na nikahisi uso unapata moto.

"Ingénieur!" Soeur Agnès akamdakia mume wangu kutoka mlimani kwake. "Sema basi kama muke yako amekukosa, na weye umemukosa. Tunajua bote! À vous."

Cirhuza akakohoa: "Soeur, tafadhali, millimètres za jana. À vous."

Jumatano, 11 Oktoba

Askari wa Luvungi wamekataza wageni kutoka nje jua likishazama, na Cirhuza ni mgeni. Siku nyingine wanalewa na kusahau, naye anakwenda mtoni. Siku nyingine hawasahau. Kwa hiyo amemwomba mjane mmoja, Maman Maombi, ambaye nyumba yake inatazama mto, awe anaangalia kutoka mlangoni. Asubuhi anamtumia kipande cha karton chenye namba iliyoandikwa kwa makaa, na Cirhuza ananisomea.

"Huyu mama halalake," Cirhuza akaniambia kwa heshima kubwa. "Jana maji imekuja deux heures, na ameiona! À vous."

Nikaandika: 2. Nikamwombea Maman Maombi usingizi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Formula zangu zinanenepa. Zinaota mikia ya ajabu, jumlisha sita hapa, ondoa sita pale, zidisha kwa kitu, gawanya kwa kitu kilekile. Zimeipenda namba sita, sijui kwa nini. Nimeweka kodi: formula ndefu inalipa kwa urefu wake. Mikia imekatika, na zile sita zimekwenda nazo. Sasa zinapendeza zaidi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Malori yamefika kutoka Uvira na askari wa kusindikiza. Tulisimama Nyawera, kule malori yanakoshushia watu, mimi na Laurette, tangu asubuhi, yeye amevaa gauni la Paska. Watu walishuka, wakakumbatiwa, malori yakaisha.

Nikaenda moja kwa moja kwenye phonie.

"Vipimo haijatosha bado, Mama Laurette," akasema. "Nikitoka hapa, nani atakutumia? À vous."

"Bien reçu," nikamjibu.

Njiani kurudi nilimpigia hesabu. Nilipomzaa Laurette alikuwa Walungu na mihogo yake. Nilipotetea mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza masomo, alikuwa Kalehe. Baba yangu alipozikwa, alifika kaburi limeshafunikwa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nasema peke yangu, kwa sauti, kwamba nikijumlisha siku zote na kugawanya, nimeolewa na nusu ya mtu.

"Miye nilimuzaa muzima," Maman Christine akasema kutoka jikoni.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua. Mtihani wa vector. Mvua.

Jumatano, 8 Novemba

Nina bingwa. Ni formula fupi, nzuri kuitazama, na ukijumlisha makosa yake ya siku zote hakuna nyingine iliyokosea kidogo kuliko yeye. Kwa kweli bado inakosea karibu masaa matatu. Nimejiambia ni saa za watu, zimechakaa. Ikinyesha kule juu saa tisa alasiri, bingwa anasema, maji yanafika kivukoni karibu na saa tano ya usiku.

Nilianza kueleza habari za kosa na nafasi ya kosa. Cirhuza akanikata, si kwa ubaya.

"Mama Laurette, nipatie saa moja tu. Bantu habatashika mambo ya 'pengine'. À vous."

"Vingt-trois heures," nikasema. "Wakitoka mashamba jioni, barudi pole pole. Mutoni iko bado salama. À vous."

Soeur Agnès akamshukuru Mungu, Camille akanipa mkono. Nilishuka ngazi za parokia nimejaa fahari.

Jumamosi, 18 Novemba

Luvungi haijibu.

Soeur Agnès alisema juzi Alhamisi mvua ilinyesha kwake quinze heures, kubwa, juu ya udongo uliokuwa tayari tope. Camille akaita: "Luvungi, Luvungi, Bukavu anaita. À vous." Akaita tena. Kelele ya redio tu. Kisha sauti ya mtu wa Kamanyola ikaingia, mbali: jioni ya Alhamisi, giza likiwa linaanza, maji yaliwakuta watu kivukoni. Walikuwa wanarudi polepole. Ingénieur wa mbegu aliingia majini kuwafuata. Zaidi ya hapo hajui.

Walikuwa wanarudi polepole. Ni mimi niliyesema polepole.

Jumapili, 19 Novemba

Misa. Sikuimba.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimefundisha. Sikumbuki nini. Maman Christine hajaniuliza kitu, na hajui bado. Nimemwambia batri ya Luvungi imeharibika. Anapika sombe, majani ya mihogo, kila siku kwa sababu ndiyo chakula anachokipenda mwanawe.

Jumatano, 22 Novemba

"Bukavu, Bukavu, ni Luvungi. Niko muzima. Bote beko bazima. À vous."

Nilishindwa kubonyeza. Camille alinibonyezea, na kilichotoka kwenda Kivu nzima kilikuwa kilio changu. Kisha Soeur Agnès, polepole: "Mutu asiongee kwanza. Muache mama alie."

Basi nililia, na vituo vyote vikangoja.

Kisha akanieleza. Walikuwa watu wengi katikati ya mto, na maji yakaja giza likiingia. Alijifunga kamba ya mbuzi kiunoni, Maman Maombi na vijana wakaishika ufukoni, akawatoa mmoja mmoja. Mbuzi na mihogo vimekwenda. Mguu wake umegonga jiwe na umevimba. Phonie ilinyamaza kwa sababu askari walichukua batri wawashie redio yao ya muziki.

"Ni formule yangu, Cirhuza. Ni miye nilikudanganya. À vous."

"Hapana. Kabla ya weye hakuna mutu alituambiaka kitu. Tengeneza tena. Miye niko hapa, nitapima. À vous." Nikadhani amemaliza. Kisha redio ikakwaruza tena. "Mama Laurette, kule mu maji nilikuwa naita jina yako. À vous."

Kivu nzima imesikia. Sijali hata kidogo.

Jumamosi, 25 Novemba

Laurette ameng'oka jino. Machine sijaigusa.

Alhamisi, 30 Novemba

Leo délibération, kikao cha kupitisha matokeo, ya session ya pili, iliyochelewa kwa ajili ya vita. Tuko mezani, walimu wote, na Gaston, mkuu wa section yetu, anasoma pointi. Akafika kwa msichana mmoja: dix-huit katika géométrie, kumi na nane kati ya ishirini ambazo hakuna mwingine amezipata tangu nimeanza kufundisha, quatre, nne tu, katika analyse, quatre katika chimie. Moyenne yake, yaani wastani, haifiki. Anarudia mwaka. Baada yake kijana mwenye dix, kumi, hapa, dix pale, dix kila mahali. Amepita, meza ikagongwa kumpongeza.

"Gaston," nikasema, "huyu anajua nusu ya kila kitu. Yule binti iko na kitu anajua kabisa."

"Chère collègue, moyenne ni moyenne."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikabaki hivyo, mdomo wazi, mpaka Gaston akauliza kama niko mgonjwa. Nilikuwa nimeona kwamba machine yangu ni Gaston. Nimekaa miezi nikijumlisha makosa ya siku zote na kuyagawanya, na bingwa wangu ni yule kijana wa dix: anakosea masaa matatu leo, matatu kesho, hajui siku hata moja, na moyenne yake ni nzuri. Huenda palikuwa na formula iliyozijua siku kadhaa kabisa kabisa na kuzishindwa nyingine vibaya. Nimeiua tangu vizazi vya kwanza.

Nimebadilisha sheria. Hakuna kujumlisha tena. Wakati wa kuchagua mzazi, machine inapiga kura ya siku moja: zinazoijua siku hiyo kuliko nyingine zinabaki, zingine zinakaa pembeni. Kisha siku nyingine, kisha nyingine, mpaka ibaki moja. Kila siku itapata zamu ya kuwa hakimu. Kodi ya urefu nimeipunguza pia.

Jumapili, 3 Desemba

Baada ya misa umeme ulidumu hadi jioni, neema ya ajabu, na nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona. Sina bingwa mmoja tena. Nina koo mbili.

Mwili wao ni uleule: chukua saa ya mvua, ongeza muda wa maji kusafiri, muda unaopungua kadiri udongo ulivyolowa. Ni jambo lenye akili, hata mkulima angeliafiki. Lakini ukoo wa kwanza unaishia hapo, na ukoo wa pili una mkia: jumlisha sita. Ukoo wa kwanza unazijua baadhi ya siku kwa dakika chache tu za kosa. Ukoo wa pili unazijua siku zilizobaki, nazo kwa dakika chache. Na yule bingwa wangu wa zamani alikuwa amesimama katikati yao, jumlisha tatu, amekosea kote.

Maji gani haya yanayochelewa masaa sita siku nyingine, bila sababu?

Jumanne, 5 Desemba

Nilikuwa nasonga bugali. Redio ya jirani ilikuwa inasema, "Il est treize heures." Laurette akamuuliza bibi yake ni saa ngapi, maana alitaka kwenda kucheza.

"Iko saa saba," Maman Christine akasema.

Mwiko ulibaki mkononi mwangu. Treize, kumi na tatu. Saba. Wote wawili wamesema kweli, na kati yao kuna sita.

Nilikimbia institut na unga mikononi. Siku za ukoo wa kwanza ni zile ambazo Cirhuza mwenyewe alikwenda mtoni na saa yake ya mkononi. Siku za ukoo wa pili ni za Maman Maombi, zote. Aliandika 2 kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeandika: saa mbili ya usiku, watu wamemaliza kula. Cirhuza akasoma karton kwa Kifaransa, deux heures, na mimi nikaandika kwa Kifaransa, usiku wa manane. Mimi mwenyewe ningemuuliza kwa Kiswahili, ningejibiwa sawasawa. Lakini namba zetu, watu wa shule, huvaa suruali ya Kifaransa kila zikitoka nje.

Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikakumbuka Alhamisi ile ya kamba ya mbuzi, kicheko kikaisha.

Nimekaa pale muda, na nimemfikiria Cirhuza pia. Nilimpigia moyenne kama Gaston. Siku ya mazishi ya baba alishindwa, ndiyo, na sijamsamehe yote. Lakini mwaka ule wa vita ya kwanza, nilipougua typhoïde na hakuna gari lililotembea, alinibeba mgongoni kutoka Kadutu hadi hospitali, akinihesabia ngazi ili nisilale. Siku ile hakuna mtu duniani angeijua kuliko yeye. Na siku ya mto vilevile. Nampenda. Niandike wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kudakia.

Jumatano, 6 Desemba

"Ingénieur, ile deux ya Maman Maombi ni saa mbili. À vous."

"Saa mbili... ya mangaribi?" Cirhuza akauliza.

"Vingt heures, Cirhuza. Analalaka vizuri sana, yule mama. À vous."

"Seigneur! Na miye nilikuwa namupelekea kahawa kila juma, ju ya pole! Nilisema halalake!"

Camille alilazimika kuvua vifaa vya masikioni. Kutoka milimani Soeur Agnès alikuwa anacheka bila kuachia kitufe, akafunga njia ya kila mtu kwa dakika nzima. Mtu wa dawa wa Uvira, ambaye hatumjui, aliomba aelezwe upya.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua mbili, na formula imezijibu zote mbili karibu sana. Jioni zote mbili hakuna aliyeingia mtoni kabla ya maji kupita.

Jumamosi, 16 Desemba

"Nakuja, Mama Laurette. Lori ya escorte itangojea ngambo ya Kashera siku ya Ijumaa. Haitangojea sana. À vous."

Nimemwambia Maman Christine. Ameingia chumbani kwake, amefunga mlango, nimesikia anaimba.

Ijumaa, 22 Desemba

Leo si siku ya phonie, lakini Camille amefungua tangu asubuhi. Saa tano Soeur Agnès akaingia, akaniita kwa jina langu, hana utani hata kidogo.

"Georgette, inanyesha. Imeanza sasa hivi, onze heures, nguvu sana. Udongo iko imelowa tangu Jumanne. À vous."

Nilifanya hesabu kwa kalamu. Udongo uliolowa hivyo, mvua ya namna hiyo: masaa manne. Maji yatafika saa tisa. Kisha nikabaki nimeishika kalamu, kwa sababu mvua zote zilizoifundisha formula hii zilikuwa za alasiri, na maji yote yalikuwa ya usiku. Hakuna hata moja ya mchana. Haijawahi kuiona siku ya namna hii, na mimi ninataka kumtumbukiza mume wangu ndani yake.

"Luvungi, maji inafika saa tisa. Quinze heures. Inaweza kukosea kidogo, kwa hiyo saa nane mutu asikuwe tena mu maji. À vous."

"Saa tisa ya Kiswahili?"

"Saa tisa ya Kiswahili, quinze heures ya Kifaransa, ile saa ya mchana, jua iko bado juu. Saa nane mukuwe ngambo. À vous."

"Askari hajasaini karatasi ya ruhusa ya kutoka. Anakula."

Saa sita bado alikuwa anakula. Saa sita na nusu alikuwa anatafuta kalamu. Cirhuza aliniuliza kama wangoje maji yapite ndipo wavuke. Lori lingekuwa limeondoka, na safari nyingine hakuna aliyeiahidi. Kwa mara ya kwanza aliniuliza nichague mimi, mbele ya wote wanaosikiliza. Mguu wake bado haujapona vizuri. Nilijua na hilo.

Nilitaka kusema pengine. Nilitaka sana.

"Mukipata karatasi kabla ya saa saba na nusu, muvuke," nikasema. "Kama hapana, mubaki. À vous."

Saa saba na dakika tano: "Amesaini. Tuko bengi, Maman Maombi na banamuke ba soko. Naacha phonie hapa. Georgette..." Ameniita Georgette, si Mama Laurette. Kisha sauti ikakatika, na sikujua kama ni batri au ni yeye.

Phonie ilibaki kule Luvungi kwenye meza, bila mtu. Kamanyola walikuwa wamefunga. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Camille aliniletea chai, ikapoa. Soeur Agnès alikuwa anaingia mara kwa mara kusema mvua bado inanyesha, mpaka nikamwomba asiniambie tena, na akasema, "Sawa, mwanangu. Niko hapa tu."

Jumapili, 24 Desemba

Alifika jana alasiri, kwa miguu, kutoka kule lori lilikozama kwenye matope. Amekonda, ana ndevu, anachechemea. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili na kumuuliza kama alikuwa anakula. Laurette alimwonyesha pengo. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika taulo, na watu wa mtaa wakituangalia, nikamkumbatia hivyo hivyo na matope yake, na tulikaa hivyo hadi Maman Christine akasema chakula kinapoa.

Nilijaribu kungoja amalize kula. Sikuweza.

"Cirhuza. Maji ilifika saa ngapi?"

Akaacha kutafuna. "Sijui."

"Hujui namna gani?"

"Ulisema saa nane tukuwe ngambo. Saa nane tulikuwa ngambo, bote."

"Na Maman Maombi? Hakubaki kuangalia?"

"Maombi alikuwa mbele yetu, anakimbilia soko ya Noëli."

"Hata haukugeuka nyuma? Kidogo tu?"

"Georgette," akasema, "nilikuwa nakuja kwetu."

Leo, kabla ya misa, nimepita institut kuingiza kipimo cha mwisho cha msimu. Mvua: onze heures. Mahali pa saa ya maji nimeandika kwamba hapakuwa na mtu mtoni.